Msongamano wa magari Mbarara: magari yanayosubiri yahamie Biharwe, abiria wabaki mjini

Kwa dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kigali, Bujumbura au Butembo, Mbarara ni mji wa kupita. Anataka kuuona kwa mbali, ajaze mafuta, ale, aondoke. Kwa mama anayetoka kambi ya Nakivale na magunia matatu ya maharage juu ya teksi, Mbarara ndiyo mwisho wa safari: hapo ndipo penye soko, hapo ndipo anaponunua sabuni, chumvi na vitenge vya kurudi navyo. Watu hawa wawili hawafahamiani, lakini kwa miaka mingi walikuwa wakigombania barabara moja inayokata katikati ya mji, na mpaka leo kila mmoja humlaumu mwenzake foleni inapokuwa ndefu.

Katika makala haya tunataka kueleza foleni ya Mbarara inatoka wapi hasa, kwa nini barabara ya mchepuko imeondoa sehemu tu ya tatizo, na kwa nini dawa inayopendwa sana na wakubwa wa miji, yaani kufukuza stendi kutoka mjini, inaweza kumuumiza mfanyabiashara mdogo kuliko foleni yenyewe. Tutapendekeza pia kitu kingine, na ndani yake Biharwe ina kazi kubwa.

Mji uliokua haraka

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 69,363 katika manispaa ya Mbarara. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu 195,013. Usidhani wote hao walizaliwa au kuhamia ndani ya miaka 12. Sehemu kubwa ya ongezeko ilitokana na mipaka kupanuliwa, maeneo ya Biharwe, Kakiika na Nyakayojo yakaingizwa ndani ya manispaa. Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ikapewa hadhi ya jiji.

Kupanua mipaka ni kazi ya karatasi. Mtu wa Biharwe sasa ni mtu wa jiji, lakini benki, soko kubwa, hospitali ya rufaa na maduka ya jumla vimebaki pale pale, kwenye mitaa michache inayozunguka High Street. Kwa hiyo jiji limekua kwa upana na safari zote bado zinaelekea sehemu moja.

Tukumbuke pia kwamba Mbarara haina reli. Njia ya reli kutoka Kampala kwenda Kasese, iliyokamilika mwaka 1956, ilipita kaskazini na kuuacha mji huu, na baadaye hata reli hiyo ikaacha kufanya kazi. Kila gunia la saruji, kila kreti ya soda, kila mkungu wa matoke wa Isingiro na kila debe la maziwa huingia na kutoka kwa barabara. Maziwa ndiyo yenye haraka kuliko yote. Ankole ni nchi ya ng'ombe, viwanda vya maziwa viko hapa, na pikapu iliyobeba madebe haiwezi kukaa juani saa mbili ikisubiri trela lirudi nyuma.

Baipasi imemsaidia nani?

Tuanze na habari njema. Barabara ya mchepuko ya Mbarara, ambayo wengi huiita baipasi, ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Inaachana na barabara ya Masaka upande wa mashariki wa jiji, inazunguka kaskazini, na kumwezesha dereva kwenda upande wa Kabale bila kupita High Street. Lori linalokwenda Katuna, au linalokata Ntungamo kwenda Mirama Hills na Kagitumba, halina sababu tena ya kuingia katikati ya mji.

Halina sababu, lakini mengine bado yanaingia. Dereva anatafuta spea. Wakala amemwambia wakutane mjini amkabidhi karatasi. Nusu ya mzigo unashushwa Mbarara na nusu inaendelea mbele. Mwingine amezoea tu hoteli fulani tangu enzi za barabara ya zamani, na mazoea ya dereva wa masafa marefu ni magumu kuyabadilisha kuliko gurudumu la nyuma la trela. Kwa lori la transiti ruhusa hiyo imepungua, kwa sababu tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia mizigo kwa mfumo wa pamoja wa kielektroniki. Ukiacha njia iliyopangwa, kifaa kilichofungwa kwenye kontena kinapeleka taarifa, na utaulizwa.

Ndugu msafirishaji, kama bado unaingiza trela mjini kwa ajili ya chakula tu, piga hesabu ya dakika. Mbarara kuna Ruti, upande wa Kabale, ambako malori yamekuwa yakipumzika kwa miaka mingi. Mwaka 2020, wakati wa Korona, madereva wa masafa marefu walitengewa vituo maalumu vya kusimama, na walizoea ndani ya wiki chache. Kwa hiyo hoja kwamba "dereva hawezi kupangiwa mahali pa kusimama" haina nguvu tena.

Hata hivyo, baipasi inaondoa magari yanayopita. Haiondoi hata gari moja ambalo mwisho wa safari yake ni mjini. Haya ya pili ndiyo yaliyobaki kwenye foleni tunayoiona leo, na hayatapungua hata zikijengwa baipasi tatu.

Foleni inazaliwa pale gari linaposimama

Watu wengi hudhani foleni inaletwa na wingi wa magari yanayotembea. Kwa mji wa ukubwa wa Mbarara, chanzo kikubwa zaidi ni magari yaliyosimama mahali pabaya. Chukua mtaa wenye njia mbili za kwenda upande mmoja. Fuso la bidhaa za jumla limeegesha mbele ya duka, vijana wanashusha katoni za mafuta ya kupikia. Kazi ni ya nusu saa. Kwa nusu saa hiyo mtaa umebaki na njia moja. Teksi inasimama hapo hapo kushusha abiria mmoja. Boda boda nne zinajipenyeza kumgombania yule abiria. Sasa mtaa hauna njia hata moja, na ukihesabu magari yaliyosababisha hali hiyo utakuta ni mawili na pikipiki nne.

Mpango wa kuboresha miundombinu ya manispaa unaofahamika kama USMID, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2013, uliijumuisha Mbarara kati ya manispaa 14 za mwanzo, na ukatengeneza barabara za mijini, taa na mitaro. Kazi hiyo ilihitajika. Lakini lami mpya ikishatandikwa, upana unaoongezeka hugeuka maegesho mara moja kama hakuna aliyepanga Fuso lishushe wapi na saa ngapi. Tumeliona hilo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na wenye maduka wenyewe ndio wa kwanza kuweka mawe barabarani kulinda "sehemu yao".

Teksi inayosubiri kujaa

Msomaji wa Tanzania aelewe kwamba Uganda wakisema teksi wanamaanisha ile gari ndogo ya abiria 14, ndugu wa daladala na matatu. Utaratibu wake unajulikana: gari linaingia stendi, linakaa kwenye foleni, zamu yake ikifika linaanza kupakia, halitoki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu. Dereva hana kosa. Nauli ya kiti kitupu hailipwi na mtu, mwenye gari anataka hesabu yake jioni, na bei ya mafuta haijali.

Lakini tazama utaratibu huu unavyokula nafasi ya mji. Tuseme njia moja ina teksi kumi zinazosubiri zamu, na kila moja inachukua dakika 20 kujaa. Gari la kumi litakaa stendi kwa zaidi ya saa tatu. Katika saa hizo tatu limekalia ardhi ya bei kubwa kuliko zote mjini, likifanya kazi ya kusubiri tu. Zidisha kwa njia zote: Kampala, Masaka, Ibanda, Bushenyi, Kabale, Isingiro, Nakivale. Stendi inafurika, magari yanamwagika mtaani, kondakta anaanza kupakia barabarani kabla ya kufika stendi ili awahi wenzake, na trafiki anaanza kupiga filimbi.

Kwa njia ya Nakivale hali ina uzito wa pekee. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo ina watu zaidi ya 150,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na biashara, na ukienda Base Camp utakuta maduka, mashine za kusaga, mafundi cherehani na wauzaji wa simu. Ni mji kamili usio na jina la mji. Ila mzigo wake unasafiri vipande vipande: magunia mawili ya huyu, kreti tatu za yule, godoro moja juu ya keria. Abiria wa njia hii ndiye pia mwenye mzigo, na ukimtenga abiria na mzigo wake umemharibia biashara.

Dawa za majirani

Ndiyo maana tunasema tahadhari kabla ya kuiga. Tarehe 3 Desemba 2018 kaunti ya Nairobi ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji na kuziamuru zishushe watu kwenye vituo vya pembezoni. Asubuhi ile maelfu ya watu walitembea kwa miguu kutoka vituo hivyo kwenda kazini, wenye watoto na wagonjwa wakiwa miongoni mwao, na amri ikasitishwa ndani ya muda mfupi. Kosa halikuwa kutaka kupunguza magari. Kosa lilikuwa kumshusha mtu mbali na mji bila gari la kumpokea.

Dar es Salaam ilitangulia kuweka gari la kumpokea. Mabasi yaendayo haraka yalianza Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, yakiwa na njia yao wenyewe ambayo bajaji na magari binafsi hayaruhusiwi kuingia. Pamoja na malalamiko ya uchache wa mabasi na kubanana, mtu wa Kimara alipata kitu ambacho hakuwa nacho: safari isiyotegemea foleni ya barabara ya Morogoro. Mwaka 2021 stendi mpya ya mabasi ya mikoani ilizinduliwa Mbezi, nje zaidi ya Ubungo. Kwa abiria mwenye begi moja ilikuwa usumbufu wa kuvumilika. Kwa mfanyabiashara mwenye marobota kutoka Kariakoo ilikuwa gharama mpya, na mjadala kuhusu mabasi kupakia kwenye ofisi zao za Shekilango haukuisha kwa stendi kuzinduliwa. Mzigo hutafuta njia iliyo karibu, hata ukiuwekea uzio.

Kampala ilijaribu mabasi makubwa mwaka 2012. Mwishoni mwa 2013 yalikuwa yamesimama kutokana na deni la kodi. Hata hivyo, tukiacha kodi, mabasi yale yaliingizwa barabarani bila njia yao pekee, yakakaa kwenye foleni ile ile pamoja na teksi walizotaka kuzipunguza. Basi la watu 60 likikwama, wamekwama watu 60.

Mfano unaotufaa zaidi, kwa maoni yetu, uko jirani kabisa na hauhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Anayevuka Katuna akaingia Rwanda anajua: mabasi ya kati ya miji huko hutoka kwa saa. Unakata tiketi yenye muda, unakwenda kunywa chai, unarudi muda ukifika. Kikifika kiti kitupu au kimejaa, gari linatoka. Abiria akishaamini kwamba gari la saa nne litatoka saa nne, haji tena stendi saa mbili kukaa ndani ya gari. Kwa hiyo stendi haihitaji kuwa na magari kumi kwa njia moja. Mawili yanatosha: moja linalopakia na moja linalofuata.

Na yale manane mengine?

Hapo ndipo Biharwe inapoingia

Biharwe iko kwenye barabara ya Masaka, karibu kilomita 10 kabla ya kufika katikati ya Mbarara. Wengi wanaifahamu kwa sababu ya kituo cha utamaduni cha Igongo na mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua. Inasimuliwa kwamba mwaka 1520 jeshi la Bunyoro lililokuwa likirudi na ng'ombe wa kutekwa lilipofika Biharwe jua likatoweka mchana, askari wakakimbia na kuacha ng'ombe nyuma. Wataalamu wanaipa tarehe ya 17 Aprili 1520. Huenda huo ndio msafara wa kwanza kusimama Biharwe bila kupanga. (Wanyankole huhesabu kwamba ng'ombe wale walidondoka kutoka mbinguni, na hatuwezi kuwalaumu.)

Pendekezo letu ni hili. Biharwe isifanywe mahali pa kushusha abiria wa Kampala na Masaka ili wamalizie na boda boda. Ifanywe mahali pa magari kusubiri. Teksi ya Kampala inafika mjini, inashusha watu na mizigo yao stendi kama kawaida, kisha inatoka tupu kwenda kukaa Biharwe. Zamu ikikaribia, msimamizi wa stendi anampigia dereva simu, gari linaingia, linapakia, linaondoka. Abiria haoni mabadiliko yoyote isipokuwa stendi yenye nafasi ya kupita.

Tusiwafiche wenye magari gharama yake. Kutoka mjini kwenda Biharwe na kurudi ni kama kilomita 20. Kwa gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10, hizo ni lita mbili. Tuseme lita ni shilingi 5,000 za Uganda: gharama ni shilingi 10,000 kwa safari, yaani kama shilingi 700 kwa kila kiti kati ya viti 14. Sasa linganisha na ile dawa nyingine. Ukiwashusha abiria 14 Biharwe, na kila mmoja akalipa, tuseme, shilingi 3,000 za boda boda mpaka mjini, hao wamelipa shilingi 42,000, bila kuhesabu kuli wa kushusha na kupandisha mizigo upya, gunia lililopasuka, na mvua. Tena pikipiki 14 zimeingia mjini mahali pa gari moja. Huko ni kuongeza foleni kwa jina la kuipunguza.

Nani alipe zile 10,000? Hapo ndipo maneno yatakuwa mengi, na ni haki yawe mengi. Mwenye gari atasema hazimhusu. Njia ya busara ni jiji kupunguza ushuru wa stendi kwa gari linalosubiri nje, na kuongeza kwa lile linalong'ang'ania kukaa ndani. Ushuru unaotozwa kwa muda wa kukaa, badala ya kwa kuingia tu, utamfanya dereva ajipangie mwenyewe. Halafu gari lililo la pili au la tatu kwenye zamu halina haja ya kwenda mbali. Liwe la nne na kuendelea.

Uwanja wenyewe ukae ndani, mbali na ukingo wa barabara kuu. Tunasisitiza hili kwa sababu barabara ya Masaka ni ya mwendo mkali, malori ya transiti yanapita usiku kucha, na gari lililoegeshwa ukingoni bila taa limeua watu wengi kwenye barabara zetu. Uwe na choo, mwanga, fundi wa matairi na mahali pa chai. Ukikosa choo, madereva watarudi mjini na mpango utakufa kimya kimya.

Kuna atakayeuliza: teksi za Nakivale zinaingia Mbarara kwa upande wa Isingiro, Biharwe inawasaidia nini? Swali ni zuri. Biharwe ni ya upande mmoja tu. Upande wa Isingiro unahitaji uwanja wake, mdogo zaidi, na upande wa Kabale tayari kuna mazoea ya Ruti kwa malori. Tumeanza na Biharwe kwa sababu njia ya Masaka na Kampala ndiyo yenye mabasi na teksi nyingi za masafa marefu, hizo ndizo zinazokaa muda mrefu zaidi, na nafasi zitakayoiacha stendini ndiyo itakayompa mama wa Nakivale mahali pa kushusha magunia yake bila kusukumwa. Zaidi ya hapo, barabara ya lami ya Mbarara hadi Kikagati inaleta pia mzigo wa Tanzania kupitia Murongo, kwa hiyo upande wa Isingiro usiachwe kwa muda mrefu.

Kwa ratiba, lianze jambo dogo. Njia moja tu, tuseme ya Isingiro, iwe na gari linalotoka kila nusu saa kuanzia alfajiri, lijae lisijae. Wiki za kwanza zitakuwa na viti vitupu, na wenye magari watapata hasara. Chama chao kinaweza kuigawana: makusanyo ya siku ya njia nzima yawekwe pamoja kisha yagawanywe kwa safari, badala ya kila dereva kula alichopakia. Bila mfuko wa pamoja ratiba haiwezi kusimama, kwa sababu dereva wa saa tano asubuhi, saa ya abiria wachache, atamtega wa saa tano na nusu mpaka wagombane.

Mizigo ya jumla

Turudi kwa lile Fuso. Maduka ya jumla ya Mbarara yanahudumia Isingiro, Kiruhura, Ibanda, Bushenyi na Ntungamo. Huwezi kuyakataza malori kushusha. Unaweza kuchagua saa. Lori lililotoka Kampala jioni linafika usiku, kwa kuwa mwendo ni kama kilomita 270, na likishusha kabla ya saa moja asubuhi mtaa unakuwa wazi wakati watu wanapoanza kuingia. Wenye maduka watasema usiku ni wizi na kuli wanadai zaidi. Ni kweli. Lakini wajumlishe na mafuta ya lori linalozunguka mtaa mchana likitafuta nafasi, faini, na siku ya pili ambayo lori limelala Mbarara kwa sababu halikumaliza kushusha. Maduka matano ya mtaa mmoja yakichangia mlinzi mmoja na taa mbili, bei inashuka.

Kwa wenye mizigo midogo, fikirini kuhusu kituo cha kukusanyia. Wafanyabiashara wa Nakivale wanaopokea bidhaa kutoka Kikuubo, Kampala, kila mmoja anashushiwa kifurushi chake mjini Mbarara, kisha anatafuta gari jingine. Kumi wakikubaliana kutumia stoo moja iliyo kwenye njia ya Isingiro, Canter moja inabeba yote mpaka Base Camp mara mbili kwa wiki, na hakuna kifurushi kinachohitaji kuvuka High Street kichwani kwa kuli. Kabla ya kukubali, hakikisheni mambo matatu: nani anabeba hasara mzigo ukipotea stoo, risiti inaandikwa kwa jina la nani, na Canter inalipwa kwa gunia au kwa safari nzima. Wengi hulipa kwa gunia na kushangaa mwenye gari kukaa siku mbili akingoja lijae, yaani ugonjwa ule ule wa teksi umehamia kwenye mzigo.

Na kwa madereva wa transiti wanaosoma hapa kabla ya kuingia zamu: mkitoka upande wa Lyantonde, jazeni mafuta na mle kabla ya kona ya baipasi, maana mkishaingia mchepuko ni vigumu kugeuza trela. Wanaokwenda Mpondwe wawaulize mawakala wao mapema ni njia gani imeandikwa kwenye karatasi za transiti kuelekea Bushenyi. Anayekwenda Kisoro kwa ajili ya Bunagana asiondoke Mbarara bila kupiga simu mbele kwanza, kwa sababu upande wa Kongo wa mpaka ule uliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Juni 2022 na tangu hapo hali ya kupitisha mizigo imekuwa ikibadilika. Lori lililogeuzwa Kisoro hurudi Mbarara kutafuta pa kulala, na kama hakuna aliyepanga, litalala mbele ya duka la mtu.